Kaimu Mnene

Hicho? Lete hapa nikione, macho yangu siku hizi yanachagua ya kuona. Eeh, ndicho. Hicho kibati changu, Saumu. Umekitoa wapi, kwenye kopo la misumari? Haya kisome, wewe uliyesoma. "Kaimu Mnene, Kanda ya Mabondeni." Umesoma sawasawa. Ndiyo mimi huyo. Usinitazame mbavu, cheo hicho nilipewa kihalali, mhuri upo kwa nyuma, na mpaka leo sijaletewa barua ya kuniondoa.

Unauliza kaimu wa nani. Kaa, nikwambie. Bibi yako bado anakuna nazi, muda upo.

Zamani, baba yako hajazaliwa, nilikwenda kutafuta maisha katika nchi moja hivi. Jina lake nimelisahau. Na wewe ukija kuulizwa, sema babu amelisahau. Nchi nzuri, ina mito, ina milima, ina wimbo wake. Kazi yangu unaijua, upishi wa shughuli. Harusi napika, hitima napika, arobaini napika. Shule nilifika darasa la pili, mwalimu akahamishwa, nami nikahama. Kwa hiyo mambo ya kule nitakwambia nilivyoyaona tu. Maana yake utawauliza wenye elimu.

Kiongozi wa nchi ile walikuwa wanamwita Mlezi Mkuu. Mtu wa huruma sana. Siku moja yuko kwenye chai, akaletewa gazeti, ukurasa wa mbele picha ya watu wanagawiwa unga. Akaitazama weee, akaweka kikombe chini. Akauliza, "Mbona hawa wote wamekonda?"

Wasaidizi wakatazamana. Mmoja akajikaza, "Mheshimiwa, hawa ni watu wa njaa."

"Hilo naliona. Nauliza, wanene wako wapi? Nchi hii haina wanene?"

Wasaidizi wakaingiza matumbo ndani, maana mle chumbani wanene walikuwepo tele.

"Na tajiri je? Nitajieni tajiri mmoja wa nchi hii aliyewahi kupewa sadaka. Anapita na gari lake mnamtazama, mnasema huyo hana shida, mnamruka. Huo kama si ubaguzi ni nini?"

Wanasema alilia. Mie sikuwepo, lakini kesho yake magazeti yote yaliandika kwamba Mlezi Mkuu alitoa machozi mawili, moja kila jicho, bila upendeleo.

Basi ikaundwa Tume ya Sadaka kwa Wote. Wajumbe saba. Na kwa kuwa kazi yao ilikuwa kutazama mchanganyiko, na wao walichaguliwa kwa mchanganyiko. Wote saba ndugu wa mke wa Mlezi Mkuu, tumbo moja, lakini mmoja alikuwa anavaa miwani, mmoja anakula kwa mkono wa kushoto, na mmoja hapatani na wenzake. Wakazunguka dunia miezi tisa kutazama wenzetu wanatoaje sadaka. Wakarudi wamenenepa, na neno wamekuja nalo. Uanuwai. Mimi niliposikia redioni uanuwai, uanuwai, nikadhani ni dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kumbe maana yake kila namna ya mtu awepo, asiachwe mtu. Nikasema hilo neno zuri, mbona mama yangu alikuwa nalo na shule hakwenda kabisa.

Lakini zuri likishaingia ofisini, mjukuu wangu, linavalishwa suti.

Hospitali ya mkoa ikaletewa magongo mia mbili na wafadhili. Tume ikasema viwete wameshapewa magongo mara nyingi, sasa zamu ya makundi yaliyosahaulika. Magongo wakapewa wacheza mpira. Timu ya mkoa ilifungwa mabao tisa mwaka ule, lakini ilipata cheti. Miwani walipelekewa wenye macho mazima. Kuna kijiji kilichimbiwa kisima pembeni ya ziwa, maana watu wa ziwani walikuwa hawajawahi kufikiriwa kwa maji. Na kila mahali Mlezi Mkuu alipigwa picha, na kwenye picha watu sasa wako wa kila namna, mwembamba pale, mnene hapa, mwenye saa ya dhahabu katikati. Ukiitazama picha unafurahi mwenyewe. Shida ilikuwa ukitoka nje ya picha.

Sasa nije kwa Bi Hidaya.

Bi Hidaya alikuwa mjane, anakaa mtaa wa juu, kilimani. Alikuwa na binti mmoja, Riziki, ameolewa huku chini Bondeni. Riziki alikuwa amezaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto hakumaliza wiki. Hilo usilipite haraka, ndilo lililobeba hadithi. Mimba ya tatu ikaja. Ikaja na mvua. Mwezi wa nne mto ukafurika, usiku kucha unanguruma, kulipopambazuka maji yako usawa wa kitanda na Riziki kashikwa na uchungu. Mumewe yuko safari ya kazi.

Watu wa Bondeni wakang'oa mlango wa nyumba. Wakamlaza Riziki juu ya mlango, wakaubeba vichwani, maji yanawafika kifuani, wanapokezana, mpaka kilimani kwa mama yake. Watu kama sitini walishika ule mlango, huyu akichoka yule anaingia. Na walipokuwa wanaubeba, huku nyuma kuku, masufuria, magunia ya mahindi, kila kitu kikaenda na mto. Waliporudi hawakukuta hata jiko. Walipopanda tena kilimani, mtoto wakamkuta, wa kike, analia vizuri.

Bi Hidaya alikuwa ameushika ule mlango mkono mmoja, akasema mbele ya watu, "Mtoto huyu akifika arobaini, watu wa mlango huu watakula ng'ombe wangu mpaka waseme basi, na jua la arobaini halitazama kabla hawajala." Nadhiri hiyo. Ng'ombe mwenyewe alikuwa naye mmoja tu.

Siku zikahesabika, mtoto anapumua. Wale wa Bondeni wakawekwa kwenye ghala tupu la pamba, wanapewa uji mara moja kwa siku, mwepesi, unaweza kujitazama uso. Siku ya thelathini na nane Bi Hidaya akaniita.

"Mpishi, mwanangu, masinia kumi na mawili. Utaweza?"

"Nitaweza, mama."

"Na mie siku hiyo sitii kitu mdomoni mpaka wao wawe wamekula. Usinibembeleze."

Sinia unalijua, kwa kuwa kwenu mnakula kila mtu na sahani yake labda umesahau. Sinia moja watu sita, wali umepandishwa kama kilima, nyama katikati. Kila mtu anakula mbele yake, ya katikati unasogezewa na mwenzako. Na sinia halianzwi mpaka limepata watu wake. Na hakuna anayekula jirani yake amesimama anamtazama. Hizo sheria hakuna aliyeziandika, ndiyo maana zilikuwa zinafuatwa.

Siku ya arobaini nimeamka na ng'ombe, saa tano asubuhi pilau imekauka, makaa juu ya mifuniko, harufu imefika mpaka ghalani. Watu wa Bondeni hao wanapanda kilima, wameoga, na wenye kanga moja wameazimana. Mikeka imetandikwa uwanjani. Na hapo hapo, mjukuu wangu, likaja gari la serikali, na nyuma yake basi.

Akashuka bwana mmoja na mkoba. Bwana Tindwa, Mratibu Msaidizi wa Uanuwai, Kanda ya Mabondeni. Shati jeupe, kalamu nne mfukoni.

"Nani mwenye sadaka hii?"

"Ni mimi, baba," Bi Hidaya akasema. "Karibu, kaa, jua kali."

"Siwezi kukaa kabla sijajua nakaa kundi gani. Una kibali?"

"Kibali cha nini, baba? Ng'ombe wangu, mchele wangu, kuni nimeokota mwenyewe."

"Cha uanuwai, mama." Akawatazama watu mikekani, akatikisa kichwa kama daktari aliyechelewa. "Hawa wote ni kundi moja."

"Kundi gani?"

"Wenye njaa."

"Ndiyo, baba. Ndiyo maana nikapika."

"Hapo ndipo mnapokosea. Umewahi kujiuliza, mama, wale walioshiba wanajisikiaje? Kila siku harufu ya sadaka wanaisikia, mwaliko hawapati. Sadaka isiyokuwa na sura ya taifa ni sadaka ya kibaguzi."

Bi Hidaya akanitazama. Mimi nikatazama sufuria. Tindwa akafungua fomu. Masinia kumi na mawili. Wenye njaa wasizidi sinia moja. Awepo tajiri angalau mmoja, awepo mnene angalau mmoja. Masinia yote yaliyobaki ni ya walioshiba, kwa kuwa ndilo kundi lililotengwa kwa muda mrefu kuliko yote. Na sadaka isiyokamilisha makundi inaahirishwa mpaka Alhamisi ya wiki ya pili, chakula kinachukuliwa na serikali kwa uangalizi.

"Alhamisi ya wiki ya pili arobaini itakuwa imepita," Bi Hidaya akasema.

"Fomu haina nafasi ya arobaini, mama."

Basi lile likafunguliwa milango. Wakashuka walioshiba kutoka mjini, watu hamsini na tano, wamekusanywa hotelini asubuhi baada ya chai nzito ya chapati na maini. Wanatembea polepole, mikono tumboni. Na tajiri alikuja naye, Bwana Ngoda, mwenye mashine za kusaga saba. Huyo nilimpenda. Alivua kofia, akamshika Bi Hidaya mkono, machozi yanamlenga. "Mama, mimi nina miaka hamsini na mbili. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama nimekula."

"Umekula, baba?"

"Nimekula sana."

"Alhamdulillahi. Kaa pale kivulini."

Ikabaki mnene. Mnene wa wilaya alikuwa mmoja tu anayekubalika na Tume, na siku hiyo alikuwa na sadaka tatu sehemu nyingine, akashukia njiani. Tindwa akauliza, "Hapa mnene hakuna?" Watu wa Bondeni wakamsukuma mbele Mwinchande. Mwinchande kabla ya mafuriko alikuwa mtu wa kilo mia, anauza maandazi, mengi anakula mwenyewe. Sasa amebaki kamba na ngozi.

"Mimi ni mnene," akasema Mwinchande. "Tazama suruali yangu." Akaivuta kiunoni, wangeingia watu wawili mle.

Tindwa akapima suruali, akapima mtu. "Huu ni unene uliopita. Fomu inataka unene uliopo."

"Nipe masinia mawili, nitakuletea uliopo."

"Hairuhusiwi kujinenepesha kwa ajili ya nafasi." Akageuka huku na huku, jicho likanikuta mimi nyuma ya sufuria. Mie nilikuwa na kitambi kidogo wakati ule, kitambi cha kuonja, mpishi yeyote anacho. Akaja akakigonga kwa kalamu. "Wewe si mnene."

"Si mnene, bwana."

"Lakini unaelekea. Utakaimu." Akatoa kibati mkobani, akanifunga kifuani, akaniapisha mkono juu ya upawa. Nikaapa kuulinda unene wa taifa kwa uwezo wangu wote. Ndicho hicho kibati.

Sasa katika hekaheka zote hizo Bi Hidaya alikuwa anazunguka mikekani. Bibi mmoja hana meno, Bi Hidaya alishamwekea mchuzi na nyama ya kusagwa kwenye bakuli. Kuna kiziwi, akamkalisha anapoona midomo ya watu. Kuna bwana kipofu, akamwelekeza nyama itakapokaa, "mbele yako moja kwa moja, kaka." Nyumba ya kina Lukas, kwenye ukoo wao ng'ombe mwekundu ni mwiko, na ng'ombe wetu alikuwa mwekundu, basi kulikuwa na chungu cha maharage ya nazi pembeni. Hakuna aliyemwomba, alikuwa anawajua. Nikamwambia Tindwa, "Bwana, haya nayo uyaandike." Akapekua fomu mbele nyuma.

"Hayajaulizwa," akasema.

Akafunga kamba uwanjani, kamba yenye rangi za bendera. Wenye njaa nyuma ya kamba. "Sasa, wachagueni sita wakae sinia lao."

Watoto wanatazama mifuniko. Mimi nilitazama mtu mmoja mmoja, nikajua wanaweza kupigana hapa, kwa njaa ile nisingemlaumu mtu. Mwinchande ndiye aliyesema.

"Bwana Mratibu, ule mlango tuliubeba wangapi?"

"Mlango gani?"

"Basi, kama hujui mlango, huwezi kujua sita. Kuubeba hatukuchaguana. Kula hatuchaguani." Akakaa chini pale pale nyuma ya kamba, suruali yake ikakaa baada yake. Na wote wakakaa. Hata watoto.

Saa sita hiyo. Bi Hidaya akaja karibu yangu, anasema kwa sauti ya chini. Midomo yake imekauka, tangu jana hajala. "Mpishi, jua linakwenda."

"Linakwenda, mama."

"Nilimwahidi Mungu, sikuahidi fomu."

Nikamwambia asubiri. Nikaongeza makaa kidogo ili chakula kisipoe, nikapunguza kisiungue. Ndiyo kazi niliyoweza.

Tindwa akaona mambo yamesimama, akaamua kuendelea na ratiba, maana ratiba ilikuwa imepigwa chapa. Hotuba ya Waziri. Waziri hakuja, alituma hotuba, na hotuba ilikuja na gari lake na dereva wake, imekaa kiti cha nyuma. Kurasa thelathini na moja. Tindwa akaisoma yote, amesimama juani, na sisi tumesimama naye, walioshiba, tajiri, kaimu mnene na wenye njaa nyuma ya kamba.

Ilianza hivi: "Ndugu wananchi wa kila umbo. Tangu enzi na enzi mkono unaotoa umekuwa ukibagua tumbo linalopokea. Serikali yenu sikivu imesema basi. Leo aliyeshiba hatalala tena akiwa amesahaulika." Walioshiba wakapiga makofi. Ukurasa wa sita ulikuwa historia ya sadaka duniani. Ukurasa wa kumi na moja uliwataja wajumbe wa Tume mmoja mmoja, na mama yao. Ukurasa wa kumi na tano ulirudiwa kwa sababu upepo uliufunua, na Tindwa hakutaka ukurasa mmoja ujione umetengwa.

Saa nane ikafika. Pilau inanukia. Walioshiba wameanza kukaa chini mmoja mmoja. Ukurasa wa ishirini nikasikia tumbo linanguruma, nikageuka kutazama wenye njaa. Haikutoka kwao. Wao matumbo yao yalishazoea, yamenyamaza. Ilitoka kivulini kwa Bwana Ngoda.

Ukurasa wa ishirini na tano kuna bwana mmoja wa mjini akamnong'oneza mwenzake, "Ile chai ilikuwa saa ngapi?" Mwenzake akasema, "Usinikumbushe." Ukurasa wa thelathini hata Tindwa mwenyewe akawa anasoma maneno na kuyameza. Palipoandikwa "meza ya taifa" alisimama kidogo, akaendelea.

Akamaliza saa kumi kasoro. Makofi machache. Akafungua fomu. "Sasa tunahakiki makundi kabla ya kukaa. Tajiri?"

"Nipo."

"Mnene?"

"Kaimu yupo," nikasema.

"Walioshiba nyoosheni mikono."

Hakuna mkono.

"Walioshiba," akarudia, "niliowaleta na basi. Nyoosheni mikono."

Bwana mmoja mwenye tai akasema, "Mratibu, sisi tulishiba asubuhi. Hiyo ilikuwa asubuhi."

"Nina orodha yenu. Mmesaini mmeshiba."

"Tulisaini. Lakini sasa, ukisema nikae kundi la walioshiba, nitakuwa nadanganya serikali."

Tindwa akatoa leso. Fomu yenyewe ilikuwa inasema kwa herufi kubwa: hali ya mtu ipimwe wakati wa kukaa, atakayeandika uongo miaka miwili. Akamgeukia Bwana Ngoda, "Na wewe?" Bwana Ngoda akasema kwa adabu sana kwamba yeye bado ni tajiri lakini pia ana njaa, kama inaruhusiwa kuwa makundi mawili. Tindwa akapekua. Hairuhusiwi.

"Basi hakuna jinsi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejionea huruma. "Walioshiba hawapo. Sadaka inaahirishwa. Pakieni masufuria."

Jua lilikuwa limeshaegemea. Riziki alikuwa mlangoni amempakata mtoto, na mtoto, kama anajua, akaanza kulia. Bi Hidaya akaja taratibu mpaka kwenye meza ya Tindwa, akashika ukingo wa meza kama alivyoshika ule mlango. Nilidhani atamlaani. Hakumlaani. Alimuuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Baba, hao walioshiba, fomu inasema wawe wameshibia wapi?"

"Haisemi."

"Lazima watoke mjini?"

Akasoma. "Hapana. Popote nchini."

"Na wawe wameshiba tangu lini?"

"Wakati wa kukaa wawe wameshiba. Basi."

"Basi," Bi Hidaya akasema. "Nina watu sitini pale nyuma ya kamba. Wape wale, utapata walioshiba sitini, wabichi kabisa, wa leo leo."

Tindwa akasoma fomu upande wa mbele, akaigeuza, akasoma nyuma, akasoma hata jina la kiwanda cha karatasi. Tumbo lake likatoa ushauri, watu wote tukausikia. Mwisho akainua kichwa.

"Hiyo haitakuwa sadaka," akasema polepole. "Hayo yatakuwa maandalizi."

"Yatakuwa maandalizi, baba."

"Maandalizi hayahitaji uanuwai."

"Hayahitaji hata kidogo," nikasema mimi, kama ofisa mwenzake. Nilikuwa na kibati.

Akaandika kichwa cha habari: Zoezi la Kuzalisha Walioshiba, Awamu ya Kwanza. Akaikata ile kamba yeye mwenyewe, kwa kisu changu cha nyama, picha ikapigwa.

Mjukuu wangu, mimi nimepikia maharusi na masultani, lakini sijawahi kuona masinia yanakwenda kama siku ile. Yakatoka kumi kwa pamoja. Watu wa Bondeni wakakaa sita sita, wale wa mwiko na maharage yao, bibi na bakuli lake. Hakuna aliyegombania. Unasikia vidole na wali tu. Mwinchande alikula akisimama kidogo, akitazama suruali yake, akikaa tena. Bi Hidaya alisimama katikati na birika la maji, anazunguka, "Ongeza. Ongeza, mwanangu. Mpaka useme basi." Na mmoja mmoja wakasema basi. Tindwa akawa anafuata nyuma yao na mhuri, kila anayesema "basi, mama" anapigwa mhuri mgongoni mwa mkono: AMESHIBA. Alipiga mihuri sitini, na kila mhuri alikuwa anameza mate.

Jua halijagusa kilima. Nadhiri imetimia. Bi Hidaya akaweka birika chini, akajipangusa macho na upindo wa kanga, akasema tu, "Riziki, mlete mtoto aone."

"Sasa," Tindwa akasema, "sadaka rasmi. Walioshiba mpo sitini. Tajiri, hayupo, amehamia wenye njaa. Wenye njaa..." Akahesabu watu wa mjini kwa kalamu. Hamsini na tano. Na Bwana Ngoda. Na dereva wa hotuba. Kalamu ikazunguka ikamwelekea yeye mwenyewe, ikasimama hapo. "Wenye njaa wamezidi," akasema kwa sauti ndogo. "Ni sinia moja. Watu sita."

Yalikuwa yamebaki masinia mawili, na ukoko, na chungu cha maharage. Watu wa mjini wakajikusanya pale ilipokatikia kamba, wamesimama. Hawakujua waende wapi. Wakachaguana kwa macho, wakaacha. Na watu wa Bondeni, wakiwa na mihuri yao mikononi, wakawatazama, na wote tukakumbuka kwamba hakuna anayekula jirani amesimama, lakini sasa waliosimama ni hao wa mjini.

Mwinchande akamtazama Tindwa muda mrefu. Nikasema moyoni, sasa atamlipa. Yeye akakunja suruali yake yote upande mmoja, akasogea.

"Kaa, Mratibu. Hapa panatosha."

"Mimi kundi gani?"

"Umesimama. Kundi la waliosimama. Kaa."

Wakasogea wote. Hujui mkeka unaweza kubeba watu wangapi mpaka watu wasogee. Masinia mawili yakagawanywa kwenye yale kumi yaliyokuwa yameliwa, ukoko ukakwanguliwa, maharage yakapita, na kila sinia likawa na walionawa mikono sasa hivi na wenye mihuri wanaowasogezea nyama. Bwana Ngoda alikaa kati ya kipofu na kiziwi, anakula kama mtu aliyefiwa. Kila baada ya tonge kipofu anamuuliza, "Umekula, kaka?" na yeye anajibu, "Nakula, nakula."

Fomu ilijazwaje sijui. Nasikia ilikwenda mpaka juu, na sadaka ile ikapewa tuzo ya uanuwai ya mwaka, na tuzo akapokea yule mjumbe wa Tume, shemeji wa Mlezi Mkuu mwenye miwani.

Bi Hidaya alikuwa wa mwisho. Alikuwa bado amesimama, anahesabu vichwa. Tindwa akamwona. Akaweka tonge lake chini, hakulila, akakunja goti kumpa nafasi, na goti lile lilikuwa na wino wa ule mhuri aliokuwa anawapigia watu.

"Mama, sinia halijapata watu wake."

Akaja akakaa. Mimi nikavua kibati nisije nikakichafua kwa mafuta, nikaingiza mkono, tukala.